Soma ya Jikoni na Soma ya Darasani

Marcelina alipika uji wa shule ya Nyamusheshe miaka kumi na saba, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyeugua tumbo wala mwalimu aliyesema asante. Nyamusheshe ni kitongoji cha wavuvi, mbele kidogo ya Mwamgongo ukitokea Kigoma. Barabara haifiki. Ukitaka mjini unapanda boti mpaka Kibirizi, ukikosa boti unakaa, na Marcelina alikuwa amekaa. Aliteremka kutoka milimani Kalinzi akiwa na miaka kumi na sita, kaolewa na Elikana mvuvi, akazaa sita, akazika wawili, akamzika na Elikana mwenyewe. Kila aliyemshauri arudi kwao milimani alijibiwa kwamba kwao ni pale ilipo sufuria yake.

Shule alikwenda miaka miwili tu, kisha mama yake akajifungua mapacha na shule ikaishia hapo. Alijua kuandika jina lake, herufi moja moja kama mtu anayepanda mihogo, na akifika kwenye L anapumzika kwanza. Lakini usimwambie hajui kitu. Aliwahi kuambiwa hivyo na bwana mmoja wa mradi wa vyoo, na yule bwana aliondoka na boti ya mchana hata uji hakunywa.

Zaidi ya uji alikuwa na kazi ya pili, ambayo haikuandikwa popote. Kila Januari waliletwa watoto wa darasa la kwanza, na nusu yao Kiswahili walikuwa wamekisikia redioni tu. Nyumbani Kiha, ziwani Kiha, na hata kanisani, watu wakianza kugombania viti, ni Kiha. Watoto hao walikuja jikoni na kikombe mkono mmoja na swali mdomoni: Bibi, mwalimu amesema nini? Marcelina akawafasiria huku anakoroga. "Amesema mkae. Amesema mtoe madaftari. Wewe amesema upenge kamasi." Watoto wakarudi darasani wameelewa, na mwalimu akajua amefundisha.

Mwalimu huyo aliitwa Castory. Naye ni mtoto wa Kalinzi, Muha baba na mama. Mama yake na Marcelina walichota maji kisima kimoja. Ila Castory alikwenda chuo, na huko chuoni Kiha kilimtoka chote, kama homa. Ukimwambia "Mwakeye" asubuhi, yeye anakujibu "Habari za asubuhi" kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Ni yeye aliyeleta kibao. Kilikuwa kipande cha ubao wa kreti, kimetobolewa na kufungwa uzi wa nyavu, kimeandikwa kwa rangi nyekundu: NIMEONGEA KILUGHA. Mtoto aliyeteleza akasema neno la Kiha anavishwa shingoni, na hakivui mpaka amsikie mwenzake anayeteleza. Ikifika saa sita kibao kimeshazunguka shingo kumi na moja, na hakuna mtoto aliyesikiliza hesabu, wote wanasikilizana midomo.

Mwalimu mkuu, Haruna, alikuwa mtu wa Ujiji, wa nyumba ambayo hata kuku wanafukuzwa kwa Kiswahili sanifu. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda kusaini tu. Ukimpelekea karatasi anasaini, na Castory alijua kuandika karatasi.

Mwaka huo Marcelina aliletewa mjukuu, Frida, mtoto wa binti yake aliyebaki milimani. Miaka saba, macho makubwa, maneno machache. Kiswahili chake kilikuwa "shikamoo" na "bado". Akaingizwa darasa la kwanza.

Sasa hapa lazima mtu aelewe jambo moja, maana ndilo lililoleta balaa lote. Kwa Kiha cha kule juu, bibi akimpa mjukuu kikombe cha uji wa moto anamwambia "Soma." Maana yake piga funda, onja, usijiunguze. Frida alikuwa amesoma uji tangu anaota meno. Basi siku ya kwanza Castory akasimama ubaoni, akaelekeza fimbo kwenye herufi, akasema, "Frida, soma!"

Frida akatazama huku, akatazama kule. Kikombe hakioni. Lakini ni mtoto mwenye adabu, mkubwa amesema soma. Akachongoa midomo mbele, akavuta hewa. Fyuuu.

Darasa likaanguka kwa kicheko. Watoto wa ziwani walijua soma zote mbili na wakaona huo ndio utani mkubwa wa mwaka.

"Nimesema soma!"

Fyuuu.

Castory akadhani ni jeuri, akamsimamisha pembeni. Kesho yake tena, fyuuu. Wiki ya tatu akaacha kudhani ni jeuri, akaanza kudhani ni ugonjwa. Alipofika hapo akaandika fomu. Fomu ilisema mtoto ana tatizo la akili na la midomo, kwamba apelekwe mjini kwenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu, akae bweni, arudi likizo. Mahali pa sahihi ya mlezi aliandika: mlezi ni mpishi.

Marcelina aliposikia alikwenda ofisini na mwiko mkononi, si kwa ugomvi, alisahau tu kuuweka.

"Mwalimu, mtoto haumwi. Kwetu soma ni kupiga funda. Wewe mwenyewe unajua, umenyonyeshwa pale Kalinzi."

"Bibi, hapa si jikoni."

"Najua si jikoni. Jikoni watu wanaelewana."

"Bibi, mimi nina stashahada ya ualimu. Suala la mtoto huyu ni la kitaalamu. Na nimeambiwa unawasemesha wanafunzi kilugha hapo jikoni. Ukiendelea, tutatafuta mpishi anayezingatia mazingira ya shule."

"Watoto wa hicho kitengo cha mjini nao ni watoto," alisema Marcelina, "sijawadharau. Lakini huyu wangu akili anayo. Ukimpeleka, atakaa miaka anaambiwa haelewi, na mwisho ataamini."

Castory akafungua daftari akaanza kusahihisha. Fomu ikawekwa juu ya meza ya Haruna, chini ya jiwe isipeperuke.

Ingesainiwa siku hiyohiyo, ila ilikuja barua nyingine nzuri zaidi. Kulikuwa na mradi. Walimu wawili wa mwambao wamechaguliwa kwenda ng'ambo, nchi moja ya baridi ambayo Castory alilitamka jina lake kila siku kivingine, wakatembelee shule na kujifunza namna watoto wa lugha mbalimbali na mila mbalimbali wanavyopokelewa wasitengwe. Ujumuishi, ndivyo ilivyoandikwa. Wakachaguliwa Haruna kwa kuwa ni mkuu, na Castory kwa kuwa ndiye aliyeijaza fomu ya maombi, akaeleza humo jinsi anavyolijali suala la lugha shuleni. Na hapo hakusema uongo.

Castory akanunua koti la mtumba Kigoma, zito, lina manyoya shingoni, akalivaa toka nyumbani mpaka ndani ya boti katika jua la saa saba. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa ufukweni waliacha dagaa.

"Mwalimu, unaumwa?"

"Najizoesha."

Wakakaa huko wiki mbili. Walipiga picha na theluji, na mlango wa shule, na sahani ya viazi. Waliporudi ukaitwa mkutano wa wazazi, na Castory akasimama akiwa na lile koti begani.

"Ndugu wazazi, tumeona mambo! Kule mtoto akija hajui lugha ya shule, hachekwi. Mlangoni wameandika salamu za lugha zote za watoto. Na kuna mama mmoja, ameajiriwa, ana meza yake, ana kiti kinachozunguka, kazi yake ni kukaa na watoto wageni na kuwafasiria anachosema mwalimu kwa lugha ya mama zao. Ndugu zangu, nilitokwa na machozi."

"Huyo mama anapika na uji?" aliuliza Marcelina kutoka nyuma.

Watu wakacheka. Haruna akainua mkono. "Bibi, tumpe nafasi mwalimu."

"Nampa. Nauliza tu. Watoto wa huko wakiongea lugha ya mama yao, wanavishwa nini shingoni?"

Castory akakohoa. "Hawavishwi. Wanapigiwa makofi."

"Na hawa wetu?"

"Bibi Marcelina, kule wana mazingira wezeshi."

Hakuna aliyejua mazingira wezeshi ni nini, basi ikabidi mkutano uishe.

Lakini msiseme safari haikuzaa kitu. Wiki hiyohiyo Castory alifungua Kona ya Lugha. Ukuta mzima wa darasa la kwanza ulipakwa rangi ya njano, ukaandikwa karibu kwa lugha kumi na tano, Kijapani kikiwemo. Marcelina akapita na ndoo, akasimama mlangoni.

"Kiha kiko wapi?"

"Ukuta umejaa, Bibi."

Na kibao kikapakwa rangi ya njano pia, kikachorwa ua pembeni. Maandishi yalibaki yaleyale. Kikaitwa Kadi ya Kumbusho.

Kisha Haruna, akiwa na moyo mweupe na usingizi wa safari, akaondoa jiwe akasaini fomu ya Frida. Nafasi mjini ilipatikana. Mtoto angeondoka Alhamisi kwa boti ya saa tisa, Haruna mwenyewe atamsindikiza, maana siku hiyo anawasindikiza na wageni.

Wageni gani? Wale wa kule ng'ambo. Ilikuwa sehemu ya mradi: ninyi mmekuja kwetu, nasi tunakuja kwenu. Walikuja wawili. Mmoja mzungu mrefu mwenye daftari, anayeinama hata pasipo na dari. Wa pili ndiye yule mama mwenye kiti kinachozunguka, na alipokanyaga mchanga wa Nyamusheshe ikaonekana si mzungu hata kidogo. Aliitwa Agnesi. Mrundi. Alikimbia vita kwao akiwa mdogo, akakulia kambini upande wa Kasulu, ndipo akachukuliwa akapelekwa kwenye baridi. Kirundi na Kiha mtu anajua, ni ndugu wa tumbo moja, wanaelewana hata wakinuniana.

Akamwona Marcelina amesimama kando ya njia, akainama kwa heshima. "Mwakeye, Mama."

Marcelina karibu aangushe ndoo. Miaka kumi na saba, na mtu mzima wa kwanza kumwamkia hivyo ndani ya uwanja wa shule alitoka Ulaya.

"Mwalimu Castory hajambo?" Agnesi akamgeukia. "Kule kwetu nilikusemesha Kirundi siku nzima, ukaniambia wewe Kiha hukijui kabisa. Nikakuonea huruma, nikasema masikini, kaka huyu alikosa bibi."

Castory akasema utaratibu wa siku ni huu hapa, tuufuate.

Utaratibu ulikuwa somo la mfano. Castory alikuwa amechagua watoto ishirini wanaojua, akawakalisha mbele, wengine wakapewa fagio nyuma ya vyoo. Frida aliambiwa akae jikoni na bibi yake, boti ikija aitwe. Sanduku lake la bati lilikuwa tayari mlangoni.

Marcelina akamtazama mtoto. Amevaa gauni la safari, miguu imepakwa mafuta, anauliza mjini kuna uji. Marcelina akaipua sufuria, akaweka kifuniko, na juu ya kifuniko akaweka jiwe la kusagia ambalo wanaume wawili huwa wanalisukuma. Akafuta mikono kwenye kanga, akamshika Frida, akaingia naye darasani mbele ya wageni, akamkalisha dawati la kwanza.

"Bibi," alinong'ona Castory, "unafanya nini?"

"Namleta mwanafunzi."

"Bibi, tafadhali. Wageni wanasubiri kuonja uji."

"Uji upo. Hautoki mpaka mjukuu wangu afundishwe. Kama anaondoka leo kwa sababu hajui, basi nyote muone asivyojua. Mimi nakaa hapa." Akaketi sakafuni, miguu mbele, chini kabisa ya neno la Kijapani.

Haruna akasema kwa upole, "Bi Marcelina, jambo hili tutalishughulikia."

"Lishughulikie nikiwa nimekaa."

Mzungu akauliza kinaendelea nini. Castory akamwambia kwa Kiingereza kwamba bibi ni mzazi mshiriki. Mzungu akafurahi, akaandika. Hapo Castory hakuwa na pa kukimbilia. Akachukua fimbo, akaelekeza ubaoni.

"Frida. Soma."

Frida akamtazama bibi yake, akamtazama mwalimu, akachongoa midomo. Fyuuu.

Watoto wakacheka. Castory akawageukia wageni na uso wa msiba, akaeleza kwamba mtoto huyu ana hali ya pekee, na kwamba shule, katika kujali, imemtafutia nafasi mjini. Mzungu akatikisa kichwa kwa masikitiko. Lakini Agnesi alikuwa ameshika mbavu. Alicheka mpaka akaegemea ukuta na rangi ya njano ikamshika begani.

"Mwalimu, umemwambia anywe! Mtoto kakutii, amekunywa! Ungempa kikombe ungeona!"

"Nilimwambia hayo Machi," alisema Marcelina kutoka sakafuni.

"Nani alimwambia?" aliuliza Haruna.

"Mimi. Na mwiko nilikuwa nao, anaukumbuka."

Agnesi akamfasiria mzungu. Mzungu akaandika kurasa mbili bila kuinua kichwa. Marcelina hakungoja amalize.

"Castory mwanangu, usimwambie soma. Mwambie vuga. Taja. Mwambie ataje unachokionyesha."

"Bibi, mimi siwezi mbele ya…"

"Basi nipishe." Na bila kuinuka akasema kwa sauti ya jikoni, "Frida, vuga!"

Frida akataja. Ba, be, bi, bo, bu. Baba. Dada. Kuku. Castory alikuwa ameganda, kwa hiyo ikawa mtoto ndiye anayesogea na ubao peke yake, mstari kwa mstari, mpaka ukaisha. Ubao ulipoisha akaendelea na vingine vilivyoandikwa humo ndani, maana hakuna aliyemwambia aache. Akageuka nyuma, ambako mtoto mmoja alikuwa amesahau kuvua kitu shingoni.

"Ni… me… o… nge… a… ki… lu… gha."

Mzungu akauliza ile kadi nzuri ya njano ni ya nini.

"Ni pambo la asili," alisema Castory.

Agnesi akaisoma mwenyewe, mara ya kwanza upesi, mara ya pili polepole. Hakucheka tena. Akaenda akamvua yule mtoto, akaitia kadi mkobani mwake. "Pambo la asili nitalichukua liwe kumbukumbu," alisema kwa Kiswahili. "Nitaliweka kwenye meza yangu, watu wa kule waone mlichojifunza kwetu."

Haruna akajikuna kichwa. Kisha, kama mkuu yeyote anayejua boti inakuja, akasimama akatoa hotuba. Alisema kwamba tukio hili ni tunda la ziara ya mafunzo, kwamba shule imegundua tofauti ya maana kati ya soma na soma, na kwamba ugunduzi huo utaandikiwa ripoti. Castory akapiga makofi wa kwanza. Mzungu akasema ripoti hiyo ingefaa iletwe kule mwakani na walioigundua. Macho ya Castory yakarudiwa na uhai.

Wote wakamtazama Marcelina, wakidhani atasema ugunduzi ni wake. Hakuutaka. Ugunduzi haupikiki.

"Fomu," alisema.

"Bibi, fomu imeshakwenda mjini," alisema Haruna.

"Basi andika nyingine iifuate. Hapahapa. Uji unapoa."

Haruna akaomba karatasi, akaandika juu ya dawati la Frida, barua ndefu ya kufuta ile ya kwanza. Akasaini. Hilo halikumpa taabu. Akamkabidhi Marcelina, Marcelina akaigeuza juu chini, akampa Castory.

"Nisomee."

Castory akakohoa. "Kwa kuzingatia misingi ya ujumuishi wa lugha na tamaduni kama ilivyobainishwa…"

"Hapana. Hayo siyajui, na yule mtoto hayajui. Nisomee kwa Kiha."

"Bibi, miaka mingi sija…"

"Nilipanda Kalinzi nikamwosha mama yako siku anakufa. Aliniaga kwa lugha gani?"

Mzungu akafunga daftari. Castory akaitazama karatasi. Akaanza. Lilitoka neno moja, likakwama, likatoka la pili, limevaa suti. Alipofika kwenye ujumuishi akasimama. Akatafuta. Hakulipata.

"Ruka hilo," alisema Marcelina. "Nenda pale pa mtoto."

Castory akaruka. Na pale pa mtoto sauti ya redio ikamtoka, ikaja sauti ya mtu wa Kalinzi anayeita jirani kuvuka bonde.

"Frida aguma hano."

Frida anabaki hapa. Mtoto aliposikia jina lake na maneno anayoyajua yakitoka kinywa cha mwalimu, akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza ameingia.

"Kumbe," alisema Agnesi.

"Rudia," alisema Marcelina.

"Frida aguma hano."

"Na watoto wa nyuma ya vyoo uwaite kwa hiyohiyo, waje wanywe." Akajishika dawati, akainuka goti moja kisha la pili, hakutaka kusaidiwa. Barua akaikunja akaitia kifuani, akaenda kuliondoa jiwe kwenye sufuria.

Saa tisa boti iliondoka na wageni na Haruna. Mwenye boti alikuwa amemwekea Frida nafasi karibu na mashine. Akaita mara mbili, hakuona mtu, akaweka pale madumu mawili ya mawese.